Kilele kipi ni cha kantileva?

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili ya fizikia na ninatumia hadubini ya nguvu ya atomu. Kantileva yangu, yaani ule ulimi mdogo unaotikisika juu ya sampuli, ikiwa hewani, programu huchora grafu ya mtikisiko wake kwa kila frikwensi na kunionyesha kilele kimoja safi karibu na kilohezi 300. Nikiizamisha majini, grafu hujaa vilele, na programu huchagua kilicho kirefu kuliko vyote. Je, hicho ndicho kinachoonyesha frikwensi ya resonansi, yaani ile ambayo kantileva hutikisika kwayo kwa urahisi zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, urefu wa kilele si ushahidi wa kutosha. Kipande cha piezo (kinachotikisika kikipewa umeme) kinachotikisa kantileva hutikisa pia kishikizi chake, kioo na maji yaliyomo, na kila kimoja kati ya hivyo kina resonansi zake, kwa hiyo kilele kirefu kuliko vyote mara nyingi ni cha kishikizi.

Zima piezo. Molekuli za maji huigonga kantileva bila kukoma kwa sababu ya joto la kawaida la chumba, na mtikisiko huo mdogo husomwa na leza ile ile unayoitumia kupimia. Rekodi mawimbi hayo kwa sekunde kadhaa, kisha uiache programu ikokotoe spektra yake, yaani nguvu ya mtikisiko kwa kila frikwensi. Msukumo wa joto una nguvu karibu sawa katika kila frikwensi ya eneo unalolipima, hivyo kinachoinuka pale ni resonansi ya kantileva yenyewe. Wanafizikia Hutter na Bechhoefer waliitumia njia hii mwaka 1993 kupimia ugumu wa kantileva, na wewe pia unaweza kuupata kutoka rekodi hiyo hiyo.

Utafute wapi? Frikwensi huongezeka kwa kadiri ya unene na hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha urefu. Ulimi wa silikoni wenye urefu wa mikromita 125 na unene wa mikromita 4 hutikisika hewani kwa kilohezi 300 hadi 350 hivi. Majini huburuta maji pamoja nao, na frikwensi hushuka hadi karibu nusu. Kwa kantileva nyembamba na laini hushuka hadi theluthi au chini zaidi. Kilele nacho hutanuka sana, na hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote: ukiona majini kilele chembamba kama sindano, kitilie shaka.

Tatizo litakalokukabili ni ugumu wa kantileva yenyewe. Kantileva yenye ugumu wa nyutoni 40 kwa mita hutikiswa na joto kwa takriban pikomita 10 tu, na majini mtikisiko huo unaweza kufunikwa na kelele za kipimio. Chukua wastani wa rekodi nyingi, au, kama sampuli yako ni laini, tumia kantileva laini zaidi.

Ukishaijua frikwensi hiyo, washa piezo na uchague kilele kilichomo ndani ya mwinuko ule mpana. Fanya hivyo tena kantileva inapokaribia sampuli, kwa sababu maji yaliyobanwa kati yao huishusha frikwensi zaidi.