Daktari wa kinga akiuliza ukoo, anza na wajomba wa mtoto

Mkuu, simama hapo hapo. Unampeleka mwanao Dar kwa daktari wa kinga za watoto, unauliza gesti, unauliza bima, halafu chini kabisa unachomekea kwamba mama mkwe amekataza kutaja "mambo ya ukoo". Gesti na bima tuyaache kwa leo. Hilo la mama mkwe ndilo litakalokuponza.

Mimi nilipompeleka mwanangu niliulizwa: kwenye familia kuna watoto wa kiume waliofariki wadogo? Nikajibu kifua mbele, hakuna. Nikamhesabia daktari ukoo wangu wote wa Pangani, mpaka babu aliyevua hadi meno yakamwisha, naye anachora tu: mraba mwanamume, duara mwanamke. Upande wa mke wangu ukabaki mweupe. Mwenyewe kainama, anasokota ncha ya kanga. Kumbe kaka zake wawili walifariki kabla ya kuanza shule, wote kwa kifua na masikio. Shangazi yake alishamwonya: ukiyasema hayo, mabinti zetu nani atawaoa? Sasa hao mabinti wanaolewa bila kujua wamebeba nini. Hongera zake.

Sikia. Kuna magonjwa ya kinga yanayopita kwenye kromosomu X, moja ya vifurushi vya jeni tunavyorithi kwa wazazi. Mvulana X yake anaipata kwa mama. Kwangu kapata Y tu, kwa hiyo babu na ngalawa yake hawahusiki kabisa. Mama anabeba bila kuumwa, na kila mtoto wa kiume anayemzaa ni nusu kwa nusu kuupata. Mojawapo ni ule alioueleza daktari Bruton wa Marekani mwaka 1952: mwili hautengenezi kingamwili, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu. Miezi 6 ya mwanzo mtoto ananawiri kwa kinga alizopewa na mama tumboni, zikiisha nimonia zinaanza kupokezana. Ukipima VVU, hana. Majirani wanakuangalia vile vile.

Wangu akaanzishiwa dozi ya kifua kikuu, akaimaliza, sikio bado linatoa usaha. Walipokuja kupima kingamwili, pafu la kulia lilishaharibika kwa chini, na hapo halirudi. Sasa anatundikiwa dripu ya kingamwili kila mwezi. Shangazi akiuliza mtoto vipi namjibu salama, maana nikifungua mdomo tutafikishana kwa mjumbe.

Kwa hiyo anza na upande wa mama: kaka zake, wajomba zake, wavulana wa dada zake. Mpigie bibi mzaa mama kabla hujakata tiketi. Kama wewe na mkeo ni mabinamu, kama tulivyo wengi huku pwani, sema pia. Yako magonjwa ya kinga yanayotaka jeni mbovu kutoka pande zote mbili. Na mkeo akipata ujauzito mwingine, daktari ajue mapema, kabla kichanga hajachomwa BCG na kudondoshewa polio, maana chanjo hizo zina vijidudu hai vilivyopunguzwa nguvu. Usiziruke kwa akili yako, aamue yeye.

Mama mkwe akinuna, anune.