Walikufa wakiimba, mbona mimi nalia?

Kila mwaka Juni inapokaribia, mahujaji wakianza safari ya Namugongo, Uganda, barua zinazonifikia huwa nyingi za mateso. Hizi ni tano kati yake. Majina nimeyaondoa.

Nina saratani ya titi, niko kwenye mionzi. Katekista alitusimulia kwamba mashahidi wa Uganda walikwenda motoni wakiimba. Mimi usiku nalia mpaka mto unalowa. Je, imani yangu ni haba? – Mama, Morogoro

Hapana, mama. Na simulizi hiyo, ukiisikia yote, iko upande wako.

Vijana wale wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walihukumiwa mwishoni mwa Mei 1886. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, wala hakuwa amebatizwa. Charles Lwanga, kiongozi wao, alimbatiza pamoja na wenzake usiku wa kuamkia hukumu, akamwahidi kwamba saa ikifika atamshika mkono. Mtoto asiye na hofu haahidiwi hivyo. Kisha wakafikishwa Namugongo, wakakaa siku kadhaa wamefungwa huku kuni zikikusanywa, wakisali pamoja. Tarehe 3 Juni Wakatoliki na Waanglikana wakachomwa siku moja, mahali pamoja. Nyimbo tunazozisifu zilitoka kwa watu waliokuwa bega kwa bega. Wewe unalia kwa sababu saa nane za usiku huna aliye karibu nawe.

Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na aliwasihi rafiki zake wakeshe naye. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa faraja, nayo imo katika Biblia kama sala. Isome kwa sauti yako.

Nilipomzika binti yangu, maneno ya waliokuja kunifariji nimeyasahau karibu yote. Ninachokikumbuka ni wanawake wawili waliolala nami kwenye mkeka siku tisa, wakinipa uji, hawaniulizi kitu. Kwa hiyo nakuomba: mwambie mmoja wa jumuiya yako ndogo ndogo aje alale kwako siku unazotoka kwenye mionzi. Asije na mahubiri. Aje na mkono wake.

Mume wangu hunipiga. Wazee wa kanisa wanasema nivumilie, huo ndio msalaba wangu. – Dada, Mbeya

Dada yangu, waliokuambia hivyo wamekosea, na nalisema hili nikijua watalisoma.

Msalaba katika Injili ni gharama anayolipa mtu kwa kumfuata Kristo. Ngumi za mwanamume aliyeapa mbele ya madhabahu kukupenda ni kosa lake yeye, mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Daudi alipotupiwa mkuki na Sauli alikwepa, akakimbia usiku uleule; mkewe Mikali alimteremsha dirishani. Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Hakuna aliyewaambia wamekimbia msalaba wao.

Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, uandikiwe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha upimwe hospitali. Usiku wa hatari usingoje asubuhi: chukua watoto uende kwa ndugu. Ukiwa salama ndipo tutazungumza kuhusu ndoa. Nanyi wazee, kumrudisha mwanamke kwenye kipigo na kumwombea njiani hakuwezi kuitwa uchungaji.

Mhubiri wetu anatuhimiza tuombe mateso yaje ili imani ikue. Ni sahihi? – Kijana, Kisumu

Si sahihi. Tumefundishwa kuomba "usitutie majaribuni". Katika habari za kuuawa kwa Polikarpo, askofu wa Smirna katika karne ya 2, anatajwa mtu aliyeitwa Kwinto, aliyejipeleka mwenyewe ili auawe. Alipowaona wanyama wakali alishikwa na woga, akakana. Polikarpo, aliyekuwa amejificha shambani kwa ushauri wa rafiki zake, ndiye aliyesimama hadi mwisho. Na Yesu alisema wazi: "Watakapowafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine."

Wenye silaha walitusimamisha njiani, wakauliza nani ni Mkristo. Nikasema mimi siye. Mwenzangu alikubali, hakurudi. Mke wangu sijamwambia. Naweza kuingia tena kanisani? – Kaka, mashariki mwa Congo

Kaka yangu, barua yako niliiweka siku tatu kabla ya kuijibu.

Ingia. Swali lako ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Katika mateso ya Kaisari Decius wa Roma, yaliyoanza karibu mwaka 250, Wakristo wengi walitoa dhabihu kwa miungu, au walinunua hati za kuonyesha kwamba wametoa. Mateso yalipopoa waligonga mlango kama unavyogonga wewe. Wapo waliotaka wafungiwe nje milele. Askofu Sipriani wa Karthago, ambaye naye alikuwa amejificha wakati ule, aliketi na maaskofu wenzake mwaka 251, wakakubaliana kuwapokea waliotubu, kwa utaratibu na kwa muda. Miaka saba baadaye Sipriani huyohuyo aliuawa kwa ajili ya imani.

Soma pia Yohana 18 na 21 kwa pamoja. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa. Baada ya ufufuo, alipofika ufukweni, alikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na Yesu amemwandalia chakula. Hakuulizwa kwa nini alikana. Aliulizwa mara tatu kama anapenda, na kila alipojibu alipewa kazi. Yako naiona hivi: nenda kwa padre au mchungaji unayemwamini ukaungame, mwambie mkeo, halafu uitazame familia ya mwenzako, watoto wake wanasomaje, wanakula nini.

Waliomuua kaka yangu kwa imani yake wanajulikana. Naambiwa nisamehe kama Anuarite. Siwezi. – Msomaji, pwani ya Kenya

Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro, Congo, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, na kanali aliyetaka kumfanya mwanamke wake. Alimwambia anamsamehe kwa kuwa hajui atendalo. Lakini aliyesema hivyo ni yeye mwenye jeraha. Asikuharakishe mtu ambaye hakuzika.

Kesi usiifute. Paulo alipofunguliwa pamoja na Sila gerezani Filipi alikataa kuondoka kimyakimya. Aliwataka wakuu wa mji waje wenyewe kuwatoa, kwa kuwa walikuwa wamewapiga bila hukumu. Nenda mahakamani, toa ushahidi. Msamaha ukija, uje ukukute humo.

Na ukishindwa kuomba, chukua maneno ya waliouawa wenyewe. Katika Ufunuo sura ya 6 wako chini ya madhabahu, tayari mbinguni, na bado wanalia: "hata lini" damu yetu isipatiwe haki? Mungu hawakemei kwa swali hilo. Anampa kila mmoja nguo nyeupe, anawaambia wastarehe bado muda mchache.