Kwa nini dawa mseto inataka mafuta na panadol haitaki

Dada, umeuliza kwa nini nesi kasisitiza mumeo ale kwanza ndipo anywe dawa mseto ya malaria, wakati panadol mnameza tumbo tupu na homa inashuka. Mimi nauza duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga, na swali lako naulizwa sana kila masika.

Kidonge lazima kiyeyuke, kipenye kuta za utumbo mwembamba, kiingie kwenye damu. Damu hiyo hupita kwanza kwenye ini, na ini hubadili sehemu ya dawa kabla haijasambaa mwilini. Panadol inapenya kwa urahisi. Dawa mseto ni dawa mbili, artemetha na lumefantrini, na hiyo lumefantrini haipatani na maji, inataka mafuta. Ukiimeza na chai ya rangi, nyingi inapita tu na kuishia chooni. Ukila chakula chenye mafuta, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kupanda hadi mara 16.

Najua mwenye malaria hataki kula. Mdomo mchungu, ukimletea wali anageukia ukutani. Usimlazimishe pilau, mafuta yanayotakiwa ni kidogo tu. Uji ulioungwa kwa tui zito unatosha, au vijiko vichache vya mbaazi za nazi, au kikombe cha maziwa yenye mafuta yake. Kuna bibi mteja wangu, mjukuu wake alikuwa akikataa kila kitu. Tukakubaliana amkorogee uji mwepesi, tui alitie mwishoni. Mtoto akanywa, na dawa ikafuata hapo hapo.

Kinachoniuma ni dozi zinazokatishwa. Artemetha ndiyo inayopiga vimelea haraka na kushusha homa, lakini nusu yake hutoweka kwenye damu kwa takriban saa 2. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia waliojificha. Siku ya pili mgonjwa yuko barazani anacheza bao, vidonge vimewekwa kabatini "vya akiba". Tafadhali avimalize. Mtu mzima ni vidonge 24: vinne sasa, vinne zikishapita saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata.

Ila maziwa msiyafanye ya kila dawa. Doksisaiklini, ile dawa ya kuua bakteria, ikikutana na maziwa, kalsiamu ya maziwa inaing'ang'ania utumboni na haipenyi vizuri. Vile vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, msivimeze na chai.

Mumeo akitapika kabla ya saa 1 kupita tangu ameze, mpe dozi ile tena, kisha rudini kituoni mpate vidonge vya kufidia. Akiendelea kutapika, au akianza kuweweseka, msingoje kuche, mkimbizeni hospitali ya Bombo. Huko atapata sindano, na sindano haina haja ya kupita utumboni.