Ki, koo na kalenda: kuimba jazi na injili Arusha na Moshi

Mteja akikupigia simu na kusema "tunataka jazi", muulize kwanza ni jazi gani. Kwa wazee wetu jazi ni jina la bendi: Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Huo ni muziki wa dansi, magita yanajibizana na watu wako uwanjani wanacheza. Kwa meneja wa hoteli ya watalii, jazi ni kinanda, gita la besi na sauti ya chini wakati wageni wanakula. Kamati ya harusi nayo mara nyingi inamaanisha saksafoni ikipiga wimbo wa injili maharusi wakiingia ukumbini. Hizo ni kazi tatu, zenye bendi tatu na bei tatu, na ugomvi mwingi wa malipo huanzia kwenye swali hilo lisiloulizwa.

Makala hii ni ya yule anayetaka kuimba jazi ya Kimarekani na injili, akaishi kwa kazi hiyo hapa kwetu. Aina hizi mbili za muziki zilizaliwa karibu karibu. Thomas A. Dorsey, anayeitwa baba wa injili ya Wamarekani weusi, alikuwa mpiga kinanda wa bluzi kabla ya kuwa kiongozi wa kwaya huko Chicago. Kwa hiyo aliyelelewa na kwaya ya KKKT au ya Kikatoliki haanzi sifuri. Do-re-mi anaijua, anasikia sauti ya pili na ya tatu zinapokwenda, na amezoea mazoezi. Kasoro yake kubwa ni kwamba amezoea kusukuma sauti ili isikike kati ya watu thelathini. Jazi inataka kinyume chake: uimbe kama unazungumza na mtu wa meza ya kwanza, maiki ifanye kazi iliyobaki.

Kazi ya kwanza ni kujua ki zako, yaani noti ya msingi ambayo kila wimbo wako unajengwa juu yake. Waimbaji wengi wa hapa humwachia mpiga kinanda achague, naye huchagua ile ambayo vidole vyake vimeizoea. Tafuta noti ya juu unayoweza kuiimba mara tano mfululizo asubuhi bila kukaza shingo. Noti ya juu kabisa ya wimbo isiipite hiyo. Tuseme wimbo uko ki ya C na noti yake ya juu ni E, lakini wewe mwisho wako wa starehe ni C. Shusha toni mbili, unapata A-flati.

Hapo ndipo injili inapokutega, kwa sababu bendi za injili hupenda kupandisha wimbo nusu toni kila kiitikio kinaporudiwa. Ukipandishwa mara mbili kutoka A-flati, umeshapita mpaka wako kwa toni nzima, tena mwishoni ukiwa umechoka na watu wamesimama. Hesabu kuanzia mwisho kurudi nyuma: anza F, pandishwa mara mbili, malizia G. Noti yako ya juu itakuwa B, na umebakiwa na nusu toni ya akiba.

Andika ki hizo kwenye daftari, wimbo kwa wimbo, pamoja na mwendo na idadi ya kupandisha. Mpe kila mpigaji karatasi yake. Kuhusu kile kitufe cha kinanda cha kuhamisha ki: kataa kisitumike jukwaani. Mpiga kinanda atabonyeza, mpiga gita na wa besi watabaki kwenye ki ya zamani, na wimbo unaofuata utaanza vibaya kwa sababu kitufe hakikurudishwa. Mpigaji asiyeweza kuhamisha ki kwa vidole vyake apewe wiki mbili za kufanya mazoezi, siyo kitufe.

Mwendo wa swingi, ule mdundo wa jazi unaobembea, hujifunzwa kwa mwili kabla ya kichwa. Weka programu ya metronomu (kipima mapigo) ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, lakini usihesabu mlio kuwa pigo la kwanza. Uhesabu kuwa pigo la pili na la nne, ili wimbo wako uende 120. Mwanzoni utapotea baada ya vipimo vinne au vitano. Dakika kumi kila siku kwa mwezi mmoja, na sauti itaanza kuegemea nyuma kidogo ya ngoma bila kuachwa.

Sasa tuje kwenye lugha, jambo ambalo tunaona linapuuzwa kuliko yote. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza humaliza mistari mingi kwa neno fupi la silabi moja lenye mkazo, na hilo ndilo hupewa noti ndefu. Ukipachika maneno ya Kiswahili juu ya tuni ya namna hiyo, silabi kwa noti, noti ndefu inaangukia silabi dhaifu kuliko zote: "nakushukuruuu". Msikilizaji huenda asiweze kueleza kasoro iko wapi, lakini sikio lake linajua kwamba hakuna mtu anayesema hivyo. Ndiyo sababu baadhi ya tenzi zilizotafsiriwa zinaimbika lakini hazisemi.

Dawa zipo tatu. Ya kwanza ni kuigawa noti ndefu: kama ina mapigo manne, "ku" ya mwisho ichukue matatu na zaidi, "ru" idondoke mwishoni, laini na fupi, kwenye noti ile ile au chini yake hatua moja. Ya pili ni kuongeza kiitikizi cha silabi moja, kama ngoma zetu zinavyofanya tangu zamani: "nakushukuru ee". Ile "ee" inabeba noti ndefu bila kuvunja neno, na ndipo pa kupambia sauti kwa namna ya jazi. Ya tatu ni kuusogeza mstari mzima ili "ku" iangukie kabla kidogo ya pigo, jambo ambalo swingi inalikaribisha. Kabla ya kuchagua, sema mstari wako kwa mdomo wa kawaida, piga kofi kwenye kila silabi yenye mkazo, pigia mstari silabi hizo kwenye karatasi, kisha ndipo ukae na mpiga kinanda.

Na usiisahau "m" ya peke yake. "Mtu" ni silabi mbili, m-tu, na mkazo uko kwenye ile "m". "Nchi" vivyo hivyo, n-chi. Wanaoiga matamshi ya kigeni huiruka "m" na kuanza na "tu". Ipe noti yake, midomo ikiwa imefungwa, uivume. Ni sauti nzuri sana mbele ya maiki, na waimbaji wa lugha nyingi hawana nafasi kama hiyo. Irabu zetu tano nazo ni rafiki wa koo, ila "i" na "u" hubana noti zikiwa juu. Fungua "i" ielekee "e" kidogo, na "u" ielekee "o", bila kufika huko.

Kwa nyimbo za Kiingereza, jifunze maana ya kila neno. Mgeni aliyekaa mita tatu kutoka kwako anajua unapoimba sauti tupu.

Maiki nunua yako mwenyewe. Shure SM58 au nyingine ya aina hiyo, inayopokea sauti kutoka mbele na kukataa ya nyuma, inatosha kwa miaka mingi. Angalia bandia, ziko nyingi sokoni, na wepesi wake mkononi huzisaliti. Noti za chini imba ukiwa vidole viwili kutoka kwenye wavu, za juu zenye nguvu rudi nyuma kama shubiri moja. Usiukumbatie wavu kwa kiganja. Ukiufunika, maiki inaanza kupokea sauti kutoka kila upande na mlio wa kupiga kelele unafuata papo hapo. Spika za ukumbi zikae mbele yako, zimeinuliwa juu ya vichwa vya watu waliokaa. Monita, yaani spika ya kujisikia mwenyewe, ikae sakafuni, ikitazama mgongo wa maiki. Kwa chakula cha jioni cha watu themanini, spika mbili za inchi 12 ni nyingi tayari. Kipimo ni kwamba wageni wa meza iliyo karibu waweze kuzungumza bila kuinua sauti.

Kanisani ni kinyume: kuta za saruji, bati juu, sauti inarudi kutoka kila pembe. Fundi mitambo huongeza mwangwi wa mashine juu ya mwangwi wa jengo, na maneno yanazama. Mwombe aondoe mwangwi wote, akate sauti za chini ya hezi 100 kwenye chaneli yako, kisha wewe punguza mapambo na utamke konsonanti mapema. Fika saa moja kabla ya watu, maana kumwelekeza fundi mbele ya waumini ni kumvunjia heshima.

Koo la Arusha lina adui zake. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai ni baridi, na vumbi la barabara za pembeni halihitaji maelezo. Ukipanda bodaboda kwenda kazini, funika pua na mdomo, na usizungumze njiani. Pasha sauti kwa mrija: glasi yenye maji nusu, mrija uzame sentimita mbili, vuma noti ndani yake ukipanda na kushuka kwa dakika tano. Viputo vinasukuma hewa irudi na nyuzi za sauti zinagusana kwa upole. Ukichoka nyamaza kabisa. Kunong'ona si kupumzika, na kukohoa kohoa ili kusafisha koo huzipigisha nyuzi zile zile. Acha peremende za kufanya koo liwe baridi kabla ya kuimba, kwa kuwa zinaficha maumivu yanayokuonya. Nyama choma ya saa sita usiku halafu kitanda hupandisha asidi kooni, na asubuhi sauti ya juu haipo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, achana na tangawizi na asali, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC pale Moshi wanayo idara hiyo.

Malipo tutayapitia haraka. Hoteli kwa kawaida inataka mikupuo mitatu ya dakika 40 hadi 45, hivyo uwe na nyimbo thelathini zilizokomaa. Weka kwenye simu video tatu za dakika moja na nusu, ulizoimba moja kwa moja bila kurekebishwa studio, kwa sababu meneja anataka kujua atakachokisikia Ijumaa. Bei ijenge kutoka chini: wapigaji, usafiri wa vyombo, kukodi mitambo, siku za mazoezi, kisha wewe. Nusu ilipwe tarehe inapowekwa, iliyobaki kabla ya mkupuo wa mwisho. Mkataba wa ukurasa mmoja utaje saa, idadi ya mikupuo, chakula cha bendi, nani analeta jenereta, na nini kinatokea shughuli ikiahirishwa. Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na nyimbo ulizotunga mwenyewe zisajili COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki. Kutafsiri wimbo wa mtu hakuufanyi kuwa wako.

Swali la kuimba hotelini Jumamosi na kanisani Jumapili ni la kweli, na lilikuwepo kabla yetu. Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili wa Marekani, alikataa kuimba kwenye vilabu vya usiku, ingawa alikubali kupanda jukwaa la tamasha la jazi la Newport mwaka 1958. Sister Rosetta Tharpe, mwenzake wa injili, aliimba Cotton Club, klabu ya usiku ya New York, mwaka 1938, na watu wengi wa kanisa walimlaumu. Aretha Franklin alianzia kanisani kwa baba yake Detroit, akaingia muziki wa kidunia, na mwaka 1972 akarekodi albamu ya injili ndani ya kanisa. Walikuwa waamini wote watatu, na kila mmoja alijiwekea mpaka wake. Ushauri wetu: uamue mpaka wako kabla ya mkataba wa kwanza, kisha umweleze mchungaji au padri wewe mwenyewe, pamoja na mwalimu wa kwaya, kabla hawajakuona kwenye simu ya mtu. Nyimbo za kuabudu usizifanye za kusindikiza chakula. Zile za kale za watumwa wa Marekani zina nafasi kwenye jazi, mradi uziimbe kwa uzito wake. Na kwa ibada usidai malipo, ila nauli si aibu kuiomba. Tamasha lenye kiingilio ni kazi, na kazi ina mkataba.

Kalenda ya mwaka hapa inajulikana. Watalii ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Kwaresima harusi hupungua sana, na masika ya Aprili na Mei huzima hoteli nyingi, kwa hiyo miezi hiyo ndiyo ya studio, ya kujifunza nyimbo mpya na kupima upya ki zako. Desemba Moshi hujaa, Wachaga wanarudi nyumbani, na harusi na ibada za shukrani hugongana hadi mbili kwa siku. Kamati huanza vikao miezi mingi kabla, basi tarehe zako za Desemba zitangaze kuanzia Agosti. Kwenye daftari andika kwanza Jumapili za kwaya yako na siku zake za mazoezi, kisha usiku wa hoteli, ndipo harusi zijaze zilizobaki. Kama Jumapili una ibada ya saa moja asubuhi, Jumamosi mwisho wako wa kuimba uwe saa nne usiku, na uandikwe kwenye mkataba.