Forester ya tabo inavuta kwa magurudumu ya mbele tu: je, giaboksi imekufa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Miezi miwili iliyopita nilinunua Subaru Forester ya tabo ya mwaka 2005, otomatiki, kwa mtu aliyekaa nayo miaka minne. Kwenye lami inakimbia vizuri. Mvua ilipoanza, nikaona kwamba kwenye kilima cha kwenda nyumbani magurudumu ya mbele yanachimba tope huku ya nyuma yametulia. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa FWD (yaani kuvuta kwa magurudumu ya mbele), haizimi. Muuzaji aliniambia ni kawaida. Fundi wa hapa anasema giaboksi imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje? – Msomaji, Nyeri

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa tope, na usinunue giaboksi bado. Taa hiyo inakuambia kwamba kompyuta ya gia imeamriwa kuachia magurudumu ya nyuma, na anayeamuru mara nyingi ni fyuzi moja ndogo.

Fungua boneti utafute soketi iliyoandikwa FWD. Inaweza kuwa ndani ya kisanduku cha fyuzi au peke yake penye kifuniko kidogo cha plastiki. Kwa kawaida soketi hiyo hukaa tupu. Subaru waliiweka kwa ajili ya siku umepata pancha na kufunga spea ile nyembamba: unatia fyuzi, klachi ya nyuma (ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) inalegea, unafika kwa fundi wa tairi bila kuumiza giaboksi. Ukikuta fyuzi imekaa humo, basi mtu aliitia na akaiacha. (Ndugu wenye Subaru Impreza WRX otomatiki za miaka hiyo, habari ya fyuzi hii haiwahusu. Zenu zina difu (gia za kugawa nguvu) ya katikati inayogawa nguvu 45 mbele na 55 nyuma, mpangilio tofauti kabisa.)

Najua mkono unakuwasha uichomoe papo hapo. Subiri. Mtu haachi fyuzi hiyo miaka minne bila sababu. Ninavyoziona gari hizi zikiingia gereji, karibu kila mara sababu ni kwamba gari lilikuwa linajikaba: ukikata kona kali polepole kwenye lami kavu, linagoma kama mtu amevuta breki ya mkono, tairi zinalia, wakati mwingine mwili mzima unatikisika. Fyuzi inaondoa usumbufu huo kwa dakika moja. Ugonjwa unabaki, na gari linauzwa nao.

Kwa hiyo anza na tairi. Chukua kamba isiyovutika, izungushe katikati ya kashata (sehemu ya mpira inayokanyaga barabara) za kila tairi, kisha pima urefu wake kwa futi ya chuma. Tairi zote nne zisipishane mzunguko zaidi ya milimita 6 hivi. Watu wengi hudhani namba zikifanana ubavuni yameisha. Hapana. Tairi ya 215/60R16 ikiwa mpya ina mzunguko wa takriban milimita 2,087. Mwenzake akiwa amelika milimita 3 tu kwenye kashata, mzunguko wake umepungua karibu milimita 19, mara tatu ya kile gari linachovumilia. Ukifunga mbili mpya mbele na kuacha kuukuu nyuma, klachi inasuguana safari nzima, hata kwenye barabara iliyonyooka.

Kisha ingia chini. Gari liwe tambarare, limewekewa mawe magurudumuni na kusimama juu ya stendi, si jeki peke yake. Angalia kama propela shafti ipo, kutoka mkia wa giaboksi hadi difu ya nyuma. Nimewahi kukuta imeondolewa na mkia wa giaboksi umezibwa ili oili isimwagike. Kama ipo, ishike utikise: viungo vyake vikicheza, au beringi ya katikati ikinguruma, huenda kelele ndiyo iliyomchosha mwenye gari. Fungua pia nati ya kutolea oili ya difu. Hubeba takriban lita 0.8 tu, ya daraja la GL-5 (oili ya gia), na vumbi laini kwenye nati si tatizo, lakini vipande unavyovihisi kwa vidole ni meno ya gia.

Ukiwa hapo chini kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita, nalo limenisumbua mno: uwiano, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Giaboksi za mtumba za Subaru huja na uwiano wa 4.111, wa 4.444, na nyinginezo. Nililetewa Forester iliyobadilishiwa giaboksi ya 4.444 huku difu ya nyuma ikiwa ni ya 4.111. Mbele na nyuma vilikuwa vinapigana tangu siku ya kwanza, na aliyefunga akamaliza ubishi kwa fyuzi. Kujua difu yako ni kazi ya dakika tano: nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, injini imezimwa na gia iko N, yazungushe kwa pamoja mara 10 huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikifika 41 na kidogo, ni 4.111. Ikifika 44 na kitu, ni 4.444. Linganisha na namba iliyo kwenye kibandiko cha giaboksi. Zisipolingana, badilisha difu. Ni nafuu kuliko giaboksi.

Tairi na uwiano vikiwa sawa, sasa chomoa fyuzi injini ikiwa imezimwa. Washa. Taa ya FWD izimike. Ile ya joto la oili ya gia ikipepesa mara unapowasha, kompyuta imehifadhi kosa la umeme; lisome kwa mashine kabla hujagusa kingine. Isipopepesa, nenda uwanja wenye lami, kata usukani hadi mwisho, zunguka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Likijikaba, simama, usiendelee kulipasha moto. Lisipojikaba, nenda kwenye changarawe, ondoka kwa nguvu kidogo, kisha shuka utazame ardhi: unataka mikwaruzo ya magurudumu ya nyuma pia. Usijaribu kupima kwa kunyanyua upande mmoja na kutia gia. Magurudumu yaliyobaki chini yakishika, gari linaruka kutoka kwenye jeki, na chini yake kuna mtu.

Kama linajikaba, badilisha kwanza oili ya otomatiki, hasa ikiwa nyeusi na inanuka kuungua. Kumwaga mara moja hutoa takriban nusu tu, kwa hiyo rudia mara tatu, ukiendesha kidogo katikati. Nimeona gari likipona hapo.

Lisipopona, au likiwa halijikabi lakini nyuma hapavuti, hapo ndipo fundi wako afungue. Mwambie hivi: klachi ya nyuma imo ndani ya mkia wa giaboksi, na mkia unafunguka giaboksi ikiwa bado garini; solenoidi yake (vali ya umeme inayoiamuru) iko kwenye valvu bodi, ndani ya karai ya oili ya giaboksi. Akishatoa klachi, pitisha ukucha wako mwenyewe kwenye mifereji ya ngoma (kikombe cha chuma kinachobeba sahani za klachi) inamoteleza meno ya sahani. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, sahani nazo zilikuwa zinakwama hapo badala ya kuachia. Nunua ngoma na sahani kwa pamoja. Sahani mpya kwenye ngoma yenye vishimo zitakurudisha kwangu baada ya miezi michache.