Kabla ya kuhamia Windows 11, iulize printa yako

Wateja wananiuliza sana: "Fundi, niweke Windows 11 au nibaki na hii?" Nami huwauliza kwanza: mashine hii unaifanyia kazi gani?

Upya wa toleo peke yake haujawahi kunihamisha. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, na kompyuta yangu ya kazi niliiacha na Windows 10, kwa sababu ilikuwa bado inapata apdeti za usalama na printa yangu kongwe ilikuwa haina ugomvi nayo. Kilichobadili hesabu ni tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta inawaka vilevile, inachapa vilevile, ila tundu jipya la usalama likigunduliwa halizibwi. Anayeona hilo ni jambo dogo aikumbuke WannaCry ya Mei 2017, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai fidia: dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi, na mashine zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimeipata.

Shida kwetu ni mtumba. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta), na kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. HP EliteBook 840 G3, ambayo utaikuta kila duka la kompyuta zilizotumika, ni ya kizazi cha 6. Muuzaji akikwambia "hii nimeshaiweka Eleven", huenda ni kweli, maana ukaguzi wa vigezo hivyo unarukika. Lakini Microsoft haiahidi apdeti kwa mashine ya namna hiyo. Mtu anayetunza humo hesabu za duka simshauri. Ajiandikishe kwenye apdeti za ziada za Windows 10, zinazomfikisha 13 Oktoba 2026, au kama kazi yake ni kivinjari na barua tu, ajaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa bure unaochukua nafasi ya Windows.

Mashine ikifaa, hama. (GB 4 za RAM zinazotajwa kama kiwango cha chini ni za kuwashia tu, kwa kazi tafuta 8 na SSD, ile diski ya kasi.) Nakili faili nje kwanza, hakikisha bando linatosha na chaji imejaa, kisha tafuta kama printa na programu yako ya hesabu zina draiva (programu inayoiunganisha printa na Windows) au toleo linalokubali Windows 11. Una siku 10 za kurudi Windows 10 bila kupoteza faili. Kwa hiyo usihame ukielekea safarini. Hama wiki ambayo utachapa, utaskani na kufunga hesabu, kasoro zijitokeze ukiwa bado unaweza kurudi.