Hamisi, usishushe injini bado

Mwanangu Hamisi,

Salamu zimefika, na ile sauti uliyonitumia kwenye simu nimeisikiliza mara nne: mbili dukani kwangu kwa spea, mbili nyumbani feni ikiwa imezimwa. Swali lako nimelielewa. Subaru Impreza WRX yako ya 2003, yenye kilometa 168,000 na injini inayogonga, itengenezwe kwa Sh 6,500,000 anazotaka fundi wako wa Tabata, au umpe dalali anayeitaka ilivyo kwa Sh 5,000,000. Unataka neno moja tu: nitengeneze au niuze.

Neno hilo liko kwenye ncha ya ulimi wangu, na unanijua, huwa silizuii. Leo nalizuia. Kabla ya kuuliza kama inafaa kutengenezwa, mimi nauliza: nani kasema inagonga?

Utaniambia fundi ameisikia. Hata Legacy ya baba yako ilisikika. Aliyeisikia ni mimi, asubuhi, nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, nikamwambia hiyo imeanza kugonga, iuze kabla haijatoboa bloku. Akaiuza kwa yule bwana wa Korogwe, na bei unaikumbuka, hatuna haja ya kuiandika. Mwaka uliofuata tukiwa Muheza kwenye magenge ya machungwa ikatupita, magunia hadi darini, inavuta mlima kama imetoka kiwandani jana. Baba yako akaipungia mkono. Hakusema kitu, wala siku hiyo wala baadaye, na ndiyo maana mpaka leo nikiona machungwa ya Muheza nanunua ya mtu wa kwanza bila kuchagua, niondoke.

Legacy ile haikuwa inagonga. Ilikuwa pistoni tu.

Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, pistoni inakuwa imenywea kidogo, inacheza ndani ya silinda na sketi yake, yaani ubavu wake wa chini, inapiga ukuta: tak-tak-tak, sauti kavu ya juu juu. Injini ikipata joto pistoni inatanuka, uwazi unaziba, na baada ya dakika tano au kumi husikii tena kitu. Hiyo unaishi nayo. Beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, ikiliwa mambo yanageuka. Wakati wa baridi oili ni nzito, inaujaza ule uwazi na ugonjwa unajificha. Ikichemka inakuwa nyepesi, ndipo unasikia du-du-du nzito kutoka chini, na ukiishikilia mizunguko 2,500 kisha ukaachia mguu ghafla inajitangaza mpaka kwa jirani.

Wewe umenitumia sekunde kumi na mbili. Hukuniambia ni ya asubuhi au ya kutoka safarini.

Kesho kabla hujaiwasha chomoa kijiti cha oili. Injini hiyo inachukua takriban lita nne na nusu pamoja na chujio, na kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja. Turbo hizi zinakula oili, na vijana mnaangalia mafuta ya petroli tu. Ikishuka chini ya alama ya chini, ukikata kona kwa kasi oili yote inakimbilia upande mmoja, bomba la kunyonyea linavuta hewa, na beringi inazunguka sekunde mbili kavu. Hiyo ndiyo sababu ya beringi nyingi kufa. Kisha iwashe, isikilize ikiwa baridi, iendeshe taratibu mpaka geji ya joto itulie katikati, uisikilize tena. Kama kelele imepungua, mshukuru Mungu, uangalie na zile bati za kukinga joto kwenye egizosi, maana bati moja iliyolegea bolti inaweza kukudanganya ukauza gari zima.

Kama imezidi, fundi achomoe soketi ya koili, ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, moja moja injini ikiwa moto na ikinguruma taratibu. Silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa dereva, ya 2 na ya 4 upande wa abiria. Ukichomoa ya silinda yenye beringi mbovu, kugonga kunafifia, kwa sababu hakuna tena mlipuko unaoisukuma konrodi. Asiiache hivyo zaidi ya sekunde chache, petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye egizosi.

Halafu chujio la oili. Hili usimwachie mtu, ukae palepale. Limwagwe, likatwe kopo lake kwa mkasi wa bati. Msumeno hapana, utatia unga wa chuma mwenyewe kisha ukauogope. Ile karatasi ya ndani iliyokunjwakunjwa ikunjue, iminye kati ya vibao viwili oili itoke, uitandaze juani. Karatasi nyeusi yenye masizi ni kawaida. Ukiona vimetameta, pitisha sumaku. Vinavyonasa ni vya chuma. Visivyonasa, vya rangi ya fedha au ya shaba, vikiwa vingi, karibu kila mara ni beringi, na hapo zima, usiiwashe tena hata kuisogeza kivulini.

Sasa tuseme ni beringi kweli. Ndipo utaelewa kwa nini fundi anakimbilia kubadilisha injini nzima, na sitamlaumu. Kwenye Corolla unafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unalegeza kepu za konrodi kwa chini, unabadilisha beringi. Kwenye Subaru kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imebanwa katikati ya nusu mbili za bloku. Ili nusu hizo ziachane inabidi injini ishuke, hedi zitoke, na pini za pistoni zivutwe kupitia vitundu vya pembeni kabla bloku halijagawanyika. Mikono inayoijua kazi hiyo ni michache, na fundi asiyeijua akiifunga atakurudishia gari likiwa na kelele nyingine.

Basi injini ya mtumba. Hiyo inayotoka Dubai ina umri uleule wa yako, imevunjwa kutoka kwenye gari la mtu aliyekuwa na sababu zake. Ilalie chini palepale sokoni. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta utelezi wa rangi ya maziwa, maji na oili vimekutana, ondoka. Izungushwe kwa mkono, soketi namba 22 kwenye bolti ya puli ya kranki, mizunguko miwili kamili bila kukwama. Plagi zote nne zitolewe, wafunge stata na betri, upime mgandamizo. Bar 10 hadi 12 ni nzuri, ila mimi naangalia zaidi zinavyofanana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi, hasa ya 4, ambayo kwenye turbo hizi ina sifa ya kuvunja pistoni pale zinapokaa ringi, waachie injini yao. Na iwe aina ileile, EJ205 yenye waya zilezile. Ukichanganya aina, utalipa fundi umeme pesa za injini ya pili.

Swali la kumuuliza fundi wako ni dogo: katika hizo milioni sita na nusu kuna nini? Kama ni injini na ufundi peke yake, bado hujaanza kuhesabu. Mkanda wa taimingi ubadilishwe injini ikiwa chini, pamoja na tensheni, rola zake zote na pampu ya maji, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo. Kiwango ni kilometa 100,000, na ukikatika vavu zinakutana na pistoni na kupinda. Sili za kranki na za kamshafti, klachi kama imeshaanza kuteleza, vyote ni sasa. Halafu kile ambacho watu hawalipii: beringi ikisagika, vumbi lake linasafiri. Linakaa kwenye kipoza oili kilicho kati ya chujio na injini, linaingia kwenye turbo, linaziba kichujio kidogo cha wavu ambacho baadhi ya injini hizi zinacho ndani ya bolti ya mrija unaopeleka oili kwenye turbo, kidogo kiasi kwamba mafundi wengi hawajui kama kipo. Kipoza oili cha zamani usikioshe, nunua kingine. Turbo ishikwe mhimili wake: mhimili ukicheza mpaka mapezi yanagusa ganda, hiyo nayo imekwisha. Wanaorudi kaunta mwezi wa pili wakinunua beringi kwa mara nyingine huwa walifunga injini nzima kwenye mabomba machafu.

Ukijumlisha yote utafika karibu milioni tisa, utashika kichwa, utasema si bora niuze. Ndiyo maana sikujibu swali lako. Mimi nimesema tangu enzi za Datsun ya babu yako, na nasema tena: bodi ndiyo gari. Injini inanunulika, gia boksi linanunulika, hata turbo unaipata Ilala ukiwa na subira. Bodi hununui. WRX za umbo hilo ziliacha kutengenezwa 2007. Kenya hawaingizi tena gari lililozidi miaka 8, na kwetu linaingia lakini na ushuru wa uchakavu juu yake. Zilizobaki ni hizi mnazoendesha, na kila moja inayopelekwa kwenye vyuma chakavu haina mrithi.

Kwa hiyo kabla ya injini, fungua buti. Toa zile kava za pembeni, uangalie chuma pale shokapu za nyuma zinapofungwa kwa juu. Kutu ya vumbi unasugua. Kutu iliyofanya magamba, ukipiga kwa mpini wa bisibisi ikajibu kama kibuyu kilichopasuka, hiyo imekula ndani. Angalia matao ya tairi za nyuma na vizingiti vya milango kwa chini. Chukua sumaku uliyotumia kwenye chujio, ifunge kitambaa usikwangue rangi, uipitishe juu ya matao. Mahali isiposhika ni puti, na chini ya puti kuna siri ya mwenye gari wa kabla yako. Nyinyi wa Dar mnaishi na upepo wa bahari, na kama gari lilianzia Hokkaido, barabara za kule zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Bodi ikiwa safi ningesema... Hapana. Legacy nayo bodi yake ilikuwa safi kabisa, na bado niliihukumu kwa sikio. Na nikijibishana na nafsi yangu, wapo walioshikilia bodi nzuri miaka sita uani, wakilinunulia gari kifaa kimoja kila mshahara, mpaka kuku wakataga ndani. Bodi ndiyo gari, lakini gari lisilotembea ni banda.

Jambo jingine, nusu nililisahau. Mwezi wa Ramadhani uliniambia umefunga tairi mbili mpya mbele na nyuma ukaacha za zamani. Gari hilo linavuta kwa magurudumu yote manne, na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, haipendi tairi zisizolingana. Tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Ikizidi, difu inasuguana muda wote kana kwamba uko kwenye kona, inachemka, na mwishowe inaganda. Likiwa la moto, kata usukani mpaka mwisho, ulizungushe taratibu kwenye lami kavu. Likijivuta na kusita kama mtu ameshika breki, kuna bili ya pili inakungoja, na fundi wako hajaitaja. Gia ya tatu nayo uisikilize, boksi la gia tano la WRX linavunjia hapo likiondolewa kwa fujo. Kama difu na gia vyote viwili vina kasoro, hata mimi, pamoja na bodi yangu, nitaanza kumsikiliza dalali.

Jumamosi likate hilo chujio, mchana, juani. Nipigie picha ya karatasi kwa karibu, halafu picha ya ndani ya buti juu ya shokapu zote mbili. Namba za mgandamizo andika zote nne kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya nne, usiniandikie "ziko sawa". Dalali mwambie utampa jibu Jumatatu, na akipandisha bei kabla ya hapo, ujue ameona kitu ambacho wewe hujakiona.

Ila sauti usinitumie tena.

Mama yako
Tanga